Kisti ya kifundo cha mkono: namna ya kuitambua, kuitunza na kujua lini uende hospitali

Kila juma kuna mtu ananinyooshea mkono nimtazamie. Mama aliyesonga bugali ya wageni wa harusi, kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayeshusha makaa kutoka Kibumba, msusi wa Birere, mwanafunzi ambaye hajui hata kilianza lini. Wote wana kinundu mgongoni mwa kifundo cha mkono, na maswali yao hayabadiliki. Ni kansa? Nikipige kwa kitu kizito kipasuke? Mbona mwenzangu alitolewa chake na kikarudi? Mimi ni muuguzi hapa Goma, na majibu ya haraka ya mlangoni hayamsaidii mtu. Nayaweka hapa kwa mpangilio, uyafuate hatua kwa hatua.

Kisti hii si kansa, na haigeuki kuwa kansa. Hilo watu hulipokea vizuri. Lisilopokelewa vizuri ni hili: mara nyingi tiba yake bora ni kuiacha ilivyo. Aliyetembea kutoka Ndosho hadi kituo cha afya hapendi kuambiwa arudi nyumbani bila dawa. Lakini ndivyo ilivyo.

Ni kitu gani hasa

Ndani ya viungo vyetu, na ndani ya ala zinazofunika kano za vidole, kuna majimaji ya kulainisha. Wakati mwingine ukuta wa kiungo au wa ala hutokeza kifuko kidogo, kikabaki kimeunganishwa na pale kilipotoka kwa mrija mwembamba. Humo ndani mna ute mzito, mwangavu, unaonata kama ute wa yai bichi. Kwa sababu ya mrija ule, kinundu kinaweza kuvimba baada ya siku ya kazi nyingi na kunywea ukipumzika. Hutokea zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake hukipata zaidi kuliko wanaume. Kati ya vinundu vyote vya mkononi, hiki ndicho kinachoonekana zaidi.

Hakihusiani na mitoki. Mitoki huvimba shingoni, kwapani na kinenani, si mgongoni mwa kifundo cha mkono. Nalisema kwa sababu wapo wanaokuja wakiwa wamekwisha kujihukumu ugonjwa mkubwa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye tochi na kamera
- Karatasi nene ya kukunja iwe bomba jembamba
- Rula, au sentimita ya fundi cherehani
- Daftari na kalamu
- Banzi la kifundo (kifaa kigumu cha kukizuia kisikunjwe) kutoka farmasi. Likikosekana, bendeji ya kuvutika na kipande cha kartoni ngumu
- Parasetamoli
- Subira ya miezi, si ya siku

Sindano, wembe na kitabu kizito havimo kwenye orodha, na sababu utaiona huko mbele.

Hatua

1. Tazama kilipo. Mahali peke yake panasema mengi. Kilicho mgongoni mwa kifundo, karibu na katikati, ndicho cha kawaida kuliko vyote: visti sita hadi saba katika kila kumi hukaa pale. Cha pili hutokea upande wa kiganja, chini ya kidole gumba, pale muuguzi anapokuhesabia mapigo ya moyo. Hicho kinataka uangalifu zaidi kwa sababu mshipa mkubwa wa damu umepita ubavuni mwake. Cha tatu ni kidogo na kigumu, kwenye mzizi wa kidole upande wa kiganja, nawe hukihisi ukishika mpini wa jembe au mishikio ya chukudu. Cha nne hukaa kwenye kiungo cha mwisho cha kidole, karibu na ukucha, kwa watu wenye umri mkubwa ambao viungo vyao vimeanza kulika. Ukucha wenyewe unaweza kuota mfereji.

2. Kishike. Kunja kifundo kuelekea kiganjani. Kile cha mgongoni hujitokeza vizuri zaidi hapo. Kibonyeze polepole kwa ncha ya kidole. Kisti huwa laini au ngumu kiasi, ya mviringo, na ngozi huteleza juu yake bila kushikamana nayo. Haina joto na haina wekundu. Ile ya upande wa kiganja, weka kidole juu yake utulie. Ikiwa kinundu chenyewe kinapanuka kila moyo unapopiga, acha kukigusa na nenda hospitali, kwa maana huenda ni mshipa wa damu uliotuna. Ugumu usikutishe peke yake, kwani kisti iliyojaa sana huwa ngumu kiasi cha kudhaniwa mfupa.

3. Kimulike. Ingia chumba chenye giza. Kwa wengi wetu umeme ukikatika usiku kazi hiyo imekwisha kufanyika. Kunja karatasi iwe bomba, uweke mdomo mmoja kwenye tochi ya simu na mwingine ubavuni mwa kinundu, si juu yake. Kifuko cha maji hupitisha mwanga, kikaonyesha wekundu hafifu ndani. Kinundu cha nyama hubaki cheusi. Usitarajie kiwake kama taa. Kwenye ngozi nyeusi, au kifuko kikiwa ndani sana, mwanga huwa mdogo mno. Kipimo hiki kinaongeza uhakika tu, hakimalizi neno.

4. Pima, piga picha, andika. Andika urefu na upana kwa sentimita, tarehe, kama kinauma, na kazi uliyofanya siku hiyo. Rudia mara moja kwa mwezi, saa ileile, mkono ukiwa umelala mezani vilevile. Watu huruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Siku utakapomwona daktari, picha za miezi minne zitamweleza kuliko maneno yako yote, hasa kama kinundu hukua na kupungua. Ni mara chache uvimbe unaopungua wenyewe kisha ukarudi kuwa wa nyama.

5. Chuja dalili za hatari. Usisubiri mwezi wa pili ukiona mojawapo ya haya:

- kinakua haraka, au kimevuka sentimita 5
- ni kigumu, hakisogei, kimeshikamana na vilivyo chini
- kuna joto, wekundu, usaha au homa
- vidole vinakufa ganzi, vinawasha kwa ndani, au mkono unaangusha vitu
- kinapiga pamoja na moyo
- kilianza baada ya kuanguka vibaya, na mfupa unauma ukiubonyeza
- uvimbe ni mrefu, umepita kifundoni hadi ndani ya kiganja, na umekaa miezi

Hiyo ya mwisho nataka tuiangalie vizuri. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinaweza kuingia kwenye ala za kano za mkono na kuleta uvimbe usiouma sana, unaonenepa polepole, ambao wengi huuchukua kuwa kisti ya kawaida. Anayepunguza uzito, anayetoka jasho usiku, anayekohoa kwa wiki kadhaa au anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu amwambie daktari mambo hayo hata kama hakuulizwa. Tiba ipo, na dawa zake katika mpango wa taifa hutolewa bure.

6. Kama hakikuumi, kiache. Ni hatua fupi kuandika na ngumu kuliko zote kutenda. Karibu nusu ya visti hivi hunywea vyenyewe bila tiba yoyote, ingawa inaweza kuchukua mwaka au miaka. Kama huna dalili hata moja ya hatua ya 5, unafanya kazi zako, na kinachokusumbua ni sura tu, hujakosa kitu kwa kusubiri. Endelea na daftari lako.

Wapo watakaokuambia umezembea. Waonyeshe picha.

7. Kama kinauma, pumzisha kifundo. Vaa banzi kifundo kikiwa kimenyooka au kimeinuka kidogo kuelekea nyuma, kamwe kisikunjwe kuelekea kiganjani. Livae saa za kazi na usiku, kwa wiki moja hadi mbili. Lisifike vidoleni, kwa kuwa ni lazima uweze kufunga ngumi. Livue mara tatu kwa siku, uzungushe kifundo taratibu na kukunja vidole vyote, la sivyo viungo vitakakamaa. Ukipita wiki tatu umezidisha, misuli itaanza kulegea.

Kama ulifunga bendeji mwenyewe, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au vidole vikipoa na kufa ganzi, umekaza mno. Fungua mara moja.

Kwa maumivu, mtu mzima ameze parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, na asirudie kabla ya saa sita kupita. Visizidi vidonge vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni husaidia pia, lakini imezwe na chakula, na asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Amoksisilini usiiguse, maana humo hamna mdudu wa kuua. Sijui ni nani aliyeeneza kwamba kila uvimbe unataka antibiotiki, lakini farmasi zetu zinamshukuru.

Halafu badilisha namna ya kushika kazi. Wa chukudu azungushie mishikio mpira wa ndani wa baiskeli iwe minene, na asiegemeze uzito wote kwenye viganja anapoteremka. Anayesonga bugali ashike mwiko kwa mikono miwili, sufuria ikiwa chini kidogo ya kiwiko. Anayefua akamue nguo kwa kuizungushia bombani badala ya kuipindapinda kwa vifundo. Anayeponda mawe ya lava, sina la kumrahisishia zaidi ya nyundo yenye mpini mnene na kupokezana na mwenzake.

8. Ikishindikana, ivutwe kwa sindano, hospitalini. Ngozi husafishwa, hutiwa ganzi, kisha ute huvutwa kwa sindano nene, kwa kuwa nyembamba haiwezi kuupitisha. Ni kazi ya dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyohiyo na bendeji. Ute ukitoka mwangavu au wa njano hafifu, kisti imethibitika. Ikitoka damu au usaha, daktari ataacha kuiita kisti na kutafuta jina lingine.

Ujue unachonunua. Sindano hutoa ute na kuacha kifuko na mrija. Kwa kile cha mgongoni mwa kifundo, nusu au zaidi hurudi. Kile kidogo cha mzizi wa kidole hufanikiwa zaidi kwa njia hii. Cha upande wa kiganja, karibu na mshipa unaopiga, kisivutwe na mtu asiyekuwa na uzoefu, na ni bora afanye akiongozwa na ekografi, ile mashine wanayowapimia wajawazito.

Kabla ya kukubali, uliza bei zote kwa pamoja: ya kumwona daktari, ya ekografi au radio (eksirei) ya mfupa, ya sindano yenyewe, na ya kufungua bendeji. Uliza pia kama ni franga au dola. Ukijua jumla tangu mwanzo huachi kazi njiani.

9. Upasuaji uwe wa mwisho. Unafaa kwa anayeumia miezi mingi licha ya banzi, anayekufa ganzi vidole, au ambaye sindano imefanyika zaidi ya mara moja na kisti ikarudi. Daktari hukata kifuko, mrija wake, na kipande kidogo cha ukuta wa kiungo pale mrija ulipoanzia. Kipande hicho ndicho siri ya kazi nzima, kwani anayetoa kifuko cha juu tu amekupa kisti mpya ya mwakani. Hata ikifanywa vizuri, kati ya watu 100, watano hadi ishirini hivi huona kisti inarudi.

Mtafute daktari wa upasuaji wa mifupa au wa mikono. Goma haikosi mahali pa kuanzia kuuliza: kuna Hospitali ya Mkoa wa Kivu Kaskazini, na kuna HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn. Mwambie daktari mambo matatu bila kungoja kuulizwa: kama makovu yako huwa nene na kuinuka, dawa unazomeza kila siku, na kazi unayoifanya kwa mkono huo. Muulize naye kama kilichotolewa kitapelekwa maabara. Mimi ningetaka kipelekwe.

Hatari zenyewe: kovu, kukakamaa kwa kifundo, sehemu ndogo ya ngozi kubaki na ganzi, na uchafu kuingia kwenye kidonda. Si kubwa, lakini kwa kinundu kisichouma hata hizo ndogo ni nyingi mno.

10. Rudisha mkono kazini kwa utaratibu. Siku tatu za mwanzo uuinue juu ya usawa wa moyo, hata ukilala, kwa kuuweka juu ya mto. Anza kukunja na kukunjua vidole siku ileile ya upasuaji. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Hadi hapo kidonda kikae kikavu. Kazi nyepesi huwezekana baada ya wiki moja au mbili. Kubeba ndoo, kusonga bugali na kusukuma chukudu kungoje wiki nne hadi sita. Kwa mtu anayekula alichokipata leo, wiki sita ni nyingi. Kwa hiyo panga upasuaji wakati ambapo kuna ndugu wa kukushikia kazi, au usiupange kwanza.

Makosa ninayoyaona zaidi

*Kukipiga.* Kitabu kizito, mti wa mwiko, upande wa panga. Ndiyo, kifuko kinaweza kupasuka na ute ukasambaa chini ya ngozi, mkono ukaonekana sawa siku kadhaa. Mrija bado upo, nao utakijaza tena. Mifupa ya kifundo ni midogo na imebanana, na mmoja ukivunjika unaweza kukataa kuunga. Hapo utakuwa umebadilisha kinundu kisichouma kwa mkono mbovu.

*Kukitoboa au kukichanja.* Sindano ya nyumbani, wembe, chale za kupakwa dawa. Kifuko kimeungana na kiungo, kwa hiyo uchafu ulioingia juu una njia ya kushuka hadi ndani, na kiungo chenye usaha huharibika kwa siku chache. Ongeza pepopunda, na kwa wembe uliotumiwa na wengine, homa ya ini na virusi vya ukimwi. Kile cha karibu na ukucha ndicho hatari zaidi, ngozi yake ni nyembamba na kiungo kiko milimita chache chini.

*Kukifunga na sarafu.* Kukaza sarafu juu yake kwa mpira huacha kidonda cha mgandamizo. Kisti hubaki.

Ukikwama

*Tochi haikuonyesha mwanga.* Huenda ni uvimbe wa mafuta, kifuko cha ngozi kilichotokana na jeraha la zamani, uvimbe wa nyama wa ala ya kano, au mfupa uliojitokeza. Mwingi si wa hatari, lakini sasa hutakiwi kukisia. Nenda ukafanyiwe ekografi.

*Kifundo kinauma mgongoni, hasa nikijiinua kwa viganja, ila sioni kinundu.* Kuna kisti ndogo zinazojificha chini ya kano. Jaribu banzi la hatua ya 7. Maumivu yakizidi wiki chache, ekografi inaweza kuionyesha.

*Mtoto anayo.* Subiri. Kwa watoto wengi hutoweka yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka, na wengi wao hawaumii kabisa. Mama wengi hunijia wakitaka mtoto akatwe kabla shule haijafungua. Mtoto asiyeumia hahitaji kisu.

*Imepasuka yenyewe nilipojigonga.* Kama ngozi haikufunguka, weka kitambaa chenye maji baridi na uendelee na kazi. Kama ngozi imefunguka, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, na ufike kituo cha afya siku hiyohiyo. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inakulinda.

*Ilivutwa mwezi uliopita, imerudi.* Ni kawaida, wala haimaanishi muuguzi au daktari alikosea. Kama haiumi, rudi hatua ya 6. Kama inauma, inaweza kuvutwa mara ya pili. Zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, ni heri fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya upasuaji.

*Nimepasuliwa, vidole vimekakamaa.* Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ikiwa kidonda kimefunga na nyuzi zimetoka, kisha kunja kidole kimojakimoja ukikisaidia kwa mkono mwingine, mara tano kwa siku. Baada ya wiki mbili bila mabadiliko, omba kutumwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

*Baada ya sindano au upasuaji mkono umekuwa mwekundu, unapwita, na mwili una homa.* Usingoje siku ya miadi, wala usitumie dawa ya jirani. Rudi pale ulipotibiwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kama ni mbali, ingia hospitali yoyote ya karibu na karatasi zako mkononi.